Simu Zote Kwenye Beseni

Kama ulinikosa wiki iliyopita, nitakudokezea tu, maana machungu mengine ukiyarudia yanageuka kidonda.

Mimi ndiye yule mpima madonge wa kiwanda cha mikate. Kazini wananiita Mizani. Kazi hiyo nilitafutiwa na shemeji yangu, mume wa wifi yangu, ambaye ndiye msimamizi wetu wa zamu.

Mtu akarekodi kwa simu mikate iliyorudishwa kutoka madukani, imeota ukungu wa kijani, inasagwa na kuchanganywa kwenye unga mpya. Video ikaruka mtandaoni asubuhi, na kufika mchana mji mzima ulikuwa unatema mate. Kesho yake ikatoweka. Ukurasa ulioiweka ukafungwa. Hata aliyeituma kwa mama yake akaambiwa na simu kwamba maudhui hayo hayapatikani.

Watu wakaanza kunong'ona. Kinyozi akitaka kuisema ile video, kwanza anaificha simu yake chini ya mto wa kiti, kana kwamba simu ni mama mkwe.

Niliishia pale mlinzi wa getini alipotunyang'anya simu zote asubuhi, tukaingizwa chumba cha kukandia. Juu ya meza lilikuwa beseni la chuma tunalotilia unga. Ndani yake simu zetu zimelundikwa kama dagaa.

Twende sasa.

Tajiri, mwenye kiwanda, alisimama kwenye kichwa cha meza, mikono nyuma. Pembeni yake alikaa fundi simu, kijana mnene mwenye miwani, aliyekodiwa kwa kazi hiyo.

"Video nimeshaiondoa," alisema Tajiri. "Sasa namtaka mwenyewe. Ukiitwa unakuja, unafungua simu yako, fundi anakagua. Asiye na kitu haogopi."

"Mimi sina kitu, ndiyo maana naogopa," alinong'ona mzee wa kuchochea tanuri, ambaye sisi tunamwita Tanuri tu.

Tukabana kicheko. Ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho siku ile.

Wakaanza naye. Tanuri akabandika kidole kilichoungua mara nyingi hata simu ikawa haikitambui, akaishia kuandika namba. Fundi akaperuzi picha, hakuna kitu. Akaingia kwenye meseji. Akaona atuchekeshe, akasoma kwa sauti:

"Mwanangu, usimwambie mama yako kwamba nakojoa damu. Nitakwenda hospitali nikipata nafasi."

Hakucheka mtu.

Tanuri akachukua simu yake, akaenda kusimama mbele ya tanuri, akatugeuzia mgongo.

"Mwingine," alisema Tajiri.

Mwingine alikuwa Kidoti, msichana wa kufungasha mikate, mwenye alama nyeusi shavuni. Fundi alipofika kwenye picha zake akapiga mluzi, kisha akaigeuza simu kidogo, wanaume wa mashine ya kukandia wakaona. Kidoti akajifunika uso kwa aproni. Shemeji yangu, msimamizi, alikuwa karibu. Angeweza kusema neno. Alitabasamu.

"Mizani!"

Nikaenda.  Fundi akanisogezea simu yangu, skrini inasubiri namba.

"Sifungui," nilisema.

"Umesemaje?"

"Sifungui. Mimi sijarekodi kitu. Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, lakini hii simu sifungui."

 Shemeji akanisogelea, manukato yake yakitangulia.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "usiniaibishe. Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua, shemeji, na ninashukuru. Sifungui."

"Una nini humo?"

Humo alikuwemo mkewe.

Naam. Wifi yangu alikuwa amemkimbia. Siku shemeji alipomvunja jino na kumwagiza aseme ameteleza bafuni, ndiyo siku wifi alipoondoka na nguo alizovaa tu. Kwa watu shemeji alisema mke amesafiri. Kichinichini alikuwa anamtafuta kama mtu aliyepoteza pete. Mume wangu naye alikuwa anamsaidia kumtafuta, maana ni dada yake wa tumbo moja na alisema anamtia aibu.

Aliyejua alipo ni mimi peke yangu. Kila baada ya siku chache alinitumia ujumbe wa sauti. Anaeleza chumba alichopanga mji wa pili, nyuma ya kiwanda cha mbao, mlango wa bluu, na jinsi siku hizi anavyolala bila kusikilizia hatua za mtu.

Mtasema, kwa nini sikuzifuta sauti hizo? Ningezifuta kama ningejua kwamba simu itanitoka mkononi getini. Tena niseme kweli: nilikuwa nikielemewa na mambo ya nyumbani, nazirudia kuzisikiliza. Wifi yangu ana kicheko kizuri.

"Vizuri," Tajiri alisema. "Zimeni tanuri. Hakuna zamu leo, hakuna zamu kesho, mpaka huyu mwanamke afungue simu yake. Mshukuruni yeye."

Hapo ndipo nilipowajua wenzangu.

"Mizani, fungua! Usitutie njaa!"

"Kumbe ni yeye! Na alivyo mpole, utadhani maji ya mtungini!"

"Ninyi mnacheza na ndugu wa msimamizi? Hao ndio wanaotumwa na washindani!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Kidoti. Macho yamemvimba kwa kulia, ananinyooshea kidole.

"Sisi tumevuliwa nguo hapa mbele za watu! Wewe una nini cha thamani? Fungua!"

Tanuri ndiye hakupiga kelele. Aligeuka tu, akaniangalia.

"Ugonjwa wangu wameujua kabla ya mke wangu," alisema. "Wewe, mama, una siri gani kubwa kuliko hiyo?"

 

Tajiri akaitumbukiza simu yangu mfukoni mwa fundi. "Nenda nayo dukani kwako. Ikibidi uivunje, ivunje." Halafu akanigeukia. "Wewe toka. Ukitaka kusema ukweli, ofisi yangu unaijua."

Nilipita katikati yao. Mmoja alinipiga kikumbo cha makusudi. Mwingine alitema mate karibu na kiatu changu, na huyo ndiye niliyempa likizo yangu mwaka jana mwanawe alipolazwa.

Nilipofika nyuma, kwenye makreti ya mikate, nikasikia hatua zinanifuata.

Kidoti.

"Dada, subiri."

"Umekuja kumalizia matusi?"

Akatazama huku na huku. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyerekodi. Simu waliyokagua si ile. Ile nimeitumbukiza chooni."  "Mwanangu anakula ule mkate, dada. Kila asubuhi. Nilipouona ule ukungu sikuweza kuvumilia."

Nilimkodolea macho. Sikujua nimkumbatie au nimng'ate.

"Sasa rudi ndani ukaseme."

"Siwezi."

"Kidoti! Wameniangushia mimi jumba bovu, na wewe umenipigia kelele kuliko wote!"

"Nilipiga kelele ili wasinitazame."

"Basi nenda kaseme!"

Akafuta machozi. Akanijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto.

"Nikisema, nimekwisha. Wewe tayari umekwisha, dada. Ya nini tuzame wawili?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Kofi lilimkuta juu ya kile kidoti chake. Hakulia, hakurudisha. Aliinama akaokota kofia yake ya kazini, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mume wangu ni fundi wa friji. Alikuwa uani, friji ya mtu imelazwa chali, yeye amechutama pembeni na bisibisi. Hakuinua kichwa.

"Shemeji kanipigia."

"Najua."

"Kasema umekataa kufungua simu mbele ya wanaume wote wa kiwanda." Akakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza. "Wenzako wote wamefungua. Wewe tu."

"Mwanamume hayumo, kama ndilo unalotaka kuuliza."

"Sijauliza."

"Unauliza kwa bisibisi."

Akaitupa. Ikagonga ukuta, kuku wa jirani wakaruka.

"Mimi ni mumeo! Kuna namba inayofunga mlango nyumbani kwangu na mimi siijui? Simu inalala kwenye mto wangu, inakula umeme wangu, halafu ina siri na mimi?"

"Na yako? Mbona yako unaingia nayo mpaka msalani?"

"Usinibadilishie mada. Nipe namba."

Nikamtazama. Huyu ndiye niliyeishi naye, nikamuuguza, nikamzalia. Moyo ukaniambia, mwambie. Ni dada yake. Damu nzito kuliko maji. Lakini nikaona nipime kina kwanza kabla sijaingia.

"Hebu nikuulize. Leo hii dada yako akija hapa anakimbia, mdomo unatoka damu, utamfanya nini?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Nitamshika mkono, nitamrudisha kwa mumewe kabla damu haijakauka. Ndoa si hoteli, kwamba chakula kikikuunguza unahama."

"Hata kama atauawa?"

"Nani amesema habari ya kuuawa?" Sasa aliinuka. Macho yake yakawa madogo. "Kwa nini umemtaja dada yangu?"

"Mfano tu."

"Mfano."

"Ndiyo, mfano."

 Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akavaa shati na kutoka bila kuaga, ile friji akaiacha pale pale imelala chali.

Nilijilaumu. Nikajisemea, mdomo umekiponza kichwa. Lakini nikajipa moyo kwamba namba hana, na bila namba hawezi kitu.

Usiku ule mume wangu hakurudi, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua kuifuata simu yangu. Nilipitia kwenye duka la fundi simu kwanza. Alikuwa anatafuna kijiti, simu yangu siioni.

"Nimeirudisha kwa Tajiri," alisema bila kunitazama.

"Umeifungua?"

"Mimi fundi, si mchawi."

Nikashusha pumzi. Nikaelekea kiwandani, na njia nzima nilikuwa na mambo mawili tu kichwani. Nikimtaja Kidoti, Tajiri atapata mtu wake na simu yangu haitakuwa na kazi kwake. Nitakuwa nimemwokoa wifi. Na wenzangu wataniomba msamaha wote, mmoja mmoja, hata yule wa mate.

Kofi nililompiga lilikuwa bado linaniwasha kiganjani. Msinione mtakatifu, nilitamani kumtaja. Nililionja jina lake mdomoni tangu kwa fundi mpaka getini.

Lakini yule mtoto wake anakula mkate kila asubuhi.

Tajiri alikuwa ofisini, anakunywa chai. Fundi naye alikuwa ameshafika kwa pikipiki, amesimamisha simu juu ya miguu mitatu ya chuma, mbele ya meza yenye mkate mmoja uliokatwa slesi. Nilishangaa, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa sana.

"Haya," alisema Tajiri. "Nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ni mimi niliyerekodi. Peke yangu, sikutumwa na mtu. Nirudishie simu yangu, nifukuze kazi, tumalizane."

Alitabasamu kama mtu aliyefikishiwa mzigo wake siku aliyoutarajia.

"Hatumalizani hivihivi. Uongo uliupeleka mtandaoni, na ukweli utaupeleka mwenyewe huko huko." Akanielekeza kwenye ile kamera. "Utasema ulitunga. Utasema ulifanya kwa chuki. Halafu utakula mkate."

"Nile?"

"Watu wakuone unameza."

Nilisema. Mimi, Mizani, ambaye sikurekodi chochote, niliomba radhi kwa kurekodi. Nilisema ukungu niliupaka mwenyewe kwa rangi. Nilisema kiwanda ni kisafi na Tajiri ni kama baba yetu.

"Rudia," alisema fundi. "Macho yako yana kiburi."

Nikarudia.

"Rudia tena. Sasa unasoma kama mtangazaji."

Nikarudia tena, na safari hii nikalia bila kukusudia. Wakafurahi. Nikachukua slesi, nikauma, nikatafuna, nikameza. Ilikuwa laini kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mimi najua kupima donge na mkate ule ulikuwa umepimwa vizuri.

Fundi akaituma papo hapo. Chai ya Tajiri haijapoa, maoni yameanza kumiminika. Akanisomea machache kwa raha zake. Mwanamke mnafiki. Njaa mbaya. Afungwe. Anyolewe. Wale wale waliotema mate kwa ajili ya ukungu, sasa walinitemea mimi.

"Simu yangu," nikasema.

Akavuta droo, akaisukuma juu ya meza.

"Chukua. Hatukukuta kitu cha maana humo."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Ukabaki hewani.

"Hamkukuta? Mmeifungua?"

"Tangu jana jioni. Mumeo alikuja mwenyewe. Akakisia mara mbili, akapata. Tarehe mliyooana." Akacheka kidogo. "Mambo ya mapenzi hayo."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Niliichagua namba ile kwa kuwa niliamini ndiyo tarehe pekee duniani ambayo mume wangu hawezi kuikumbuka. Kila mwaka ilimpita. Mwaka huu ndiyo kaikumbuka.

"Kumbe mlijua," nikasema. "Mlijua si mimi. Mkaniacha nikasema ni mimi?"

"Mama, mimi sikuhitaji aliyerekodi. Nilihitaji wa kuomba radhi. Na umekuja kwa miguu yako." Akapuliza chai yake. "Mambo yenu ya ukoo sikuyaingilia. Msimamizi ndiye aliyekaa na ile simu, akasikiliza zile sauti zote, moja baada ya nyingine. Hata chakula hakula."



"Yuko wapi? Msimamizi yuko wapi?"

"Kaomba ruhusa. Kaondoka alfajiri. Kasema anakwenda kumchukua mkewe."

Sikumbuki nilivyotoka mle ofisini. Nakumbuka nipo getini, mlinzi ananiuliza kitu, vidole vyangu vinakosea namba, vinakosea tena, mpaka simu ikafunguka. Nikampigia wifi.

Ikaita. Ikaita. Nikawa naomba kimoyomoyo.

"Wifi!" Sauti yake, ileile, nyepesi, nyuma yake misumeno ya kiwanda cha mbao inalia. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Wifi, nisikilize. Toka humo ndani sasa hivi. Usichukue kitu. Toka!"

"Nitoke niende wapi, na wewe uko njiani?" Akacheka kile kicheko chake. "Si umeniandikia alfajiri kwamba unakuja, nisitoke, nikungoje ndani? Nimeshapika na nguo ya kulalia nimekuazimia kwa jirani."

"Si mimi! Wifi, si mimi niliyeandika!"

"Nini? Husikiki, hii misumeno... Ngoja. Ngoja kidogo, wifi." Nikasikia kishindo cha kitu, gu, gu, gu, taratibu, kama cha mtu mwenye adabu zake. "Aa, kumbe umeshafika, unanichezea tu. Si wewe huyo unayegonga."

"Usifungue! Wifi, usifungue mlango!"

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akainuka kwenye kiti chake.  Wifi alikuwa ameshaiweka simu mezani, na mimi nilikuwa nasikia ndara zake zikiburuzika sakafuni kuelekea mlangoni, halafu komeo likivutwa.